Harambee ya shule: kadi, namba ya malipo, mnada na ahadi, kipi kinafika darasani

Tathmini hii ni ya harambee ya siku moja, ile ya Jumamosi yenye turubai, spika, mgeni rasmi na sufuria la pilau, inayofanyika kijijini au mtaani hapa Tanzania kwa ajili ya darasa, vyoo au madawati ya shule. Tumeipima kama mtu anavyopima huduma yoyote: unaweka nini, unapata nini, na kinachopotea kinapotelea wapi. Kipimo ni kimoja. Chukua kiasi kilichotangazwa kwenye spika, kilinganishe na kiasi kilichoingia akaunti ya shule baada ya miezi mitatu. Harambee nzuri ni ile ambayo namba hizo mbili zinakaribiana.

Kabla kadi ya kwanza haijachapwa, kuna karatasi mbili zisizokwepeka: muhtasari wa kikao cha kamati ya shule, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa uliokubali mchango huo. Tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016, mchango wa mzazi ni wa hiari, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 ulifafanua nani anabeba jukumu gani. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, akaelekeza kwamba mwenye nia ya kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa vitendo maana yake ni hii: mwalimu asishike fedha, mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, na kadi asipewe mtoto aipeleke kwa mzazi. Mtoto akifika nyumbani na kadi, mzazi anaisoma kama ankara, na harambee imeshaharibika kabla ya kuanza.

Neno lenyewe lilikuwa la watu wa kazi, wabeba mizigo na wavuta kamba wa pwani, kabla Jomo Kenyatta hajalifanya wito wa taifa mwaka 1963. Watu wanavuta kitu kimoja, kwa mpigo mmoja. Harambee nyingi za shule zinakosea hapo hapo: zinaitisha watu "kuendeleza shule yetu". Hakuna anayejua kamba iko wapi. Lengo linalochangisha vizuri ni lile linaloweza kuhesabika kwa macho.

Chukua darasa moja. Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 mwaka 2021, kila moja lilitengewa shilingi milioni 20 likiwa na samani zake. Watu wengi wanaikumbuka namba hiyo, na ikitajwa kwenye harambee ya kijiji inawakatisha tamaa. Lakini kazi ya wananchi mara nyingi ni boma: msingi na kuta hadi lenta, ule mkanda wa zege unaoshika kuta juu ya madirisha, kisha halmashauri inaombwa paa na umaliziaji. Boma linahesabika. Chumba cha mita 9 kwa 7 kina mzunguko wa mita 32. Kikipanda mita 3, ukuta ni mita za mraba 96. Toa kama 13 za madirisha na mlango, zinabaki 83. Tofali la inchi 6 lenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha 23 huingia kati ya 8 na 9 kwa mita moja ya mraba, ukihesabu na udongo wa kuungia. Ongeza asilimia 10 ya zinazovunjika, unafika tofali karibu 800, bila msingi wala pembetatu za paa. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 30, hiyo ni mifuko 27. Ukizidisha tofali kwa mfuko ili kubana matumizi, zinamomonyoka kwa mvua ya kwanza, kwa hiyo 30 ibaki 30.

Hapo tangazo linabadilika. MC hasemi tena "tunaomba mchango wenu", anasema "mfuko mmoja ni tofali 30, tumepata mifuko 11, imebaki 16". Mama wa genge mwenye uwezo wa mfuko mmoja anaona tofali zake ukutani. Tumeona bango la kadibodi lenye miraba 27, kila mraba ukipakwa rangi mfuko ukitolewa, likifanya kazi kuliko hotuba ya nusu saa.

Tarehe ni nusu ya mapato. Simiyu na Shinyanga, subiri pamba iuzwe, Kagera, kahawa, Mtwara na Lindi, minada ya korosho inayoanza Oktoba. Sehemu za korosho kuna njia nyingine nzuri zaidi ya harambee yenyewe, wakulima kukubaliana kwenye mkutano kukatwa shilingi kidogo kwa kila kilo kupitia chama chao cha msingi. Mjini, panga kati ya tarehe 26 ya mwezi na tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Januari usiiguse: sare, madaftari, nauli za watoto wa bweni, hakuna mfuko ulio wazi.

Sasa vyombo vyenyewe vya kukusanyia.

Kadi za mchango tunazipa alama 6 kati ya 10. Faida yake ni kwamba zinaanza kuleta fedha wiki tatu kabla ya siku, na zinafika kwa watu ambao hawatakuja. Kasoro yake ni kadi zisizorudi. Kila kadi iwe na namba ya mfululizo, muhuri wa kamati, na mistari isiyozidi 10, maana kadi ya mistari 30 inazunguka kwa muda mrefu bila kurudi. Daftari la mhazini liwe na safu tano: namba ya kadi, jina la aliyeichukua, simu yake, tarehe ya kurudisha, kiasi kilichorudi. Tarehe ya mwisho iwe Jumatano kabla ya Jumamosi ya harambee. Kadi ambayo haijarudi itajwe kwa namba yake kwenye kundi la WhatsApp, bila jina: "Kadi namba 34 na 51 bado." Mwenyewe anajijua, na hajaaibishwa.

Kundi la WhatsApp la waliosoma shule hiyo ndilo soko ambalo kamati nyingi hazilitumii ipasavyo. Wapo Dar es Salaam, Mwanza, Muscat, wana uwezo na wana kumbukumbu ya dawati walilokalia. Tatizo ni orodha. Mtu ananakili orodha, anaongeza jina lake namba 18, anabandika. Sekunde hiyo hiyo mwenzake naye ananakili ile ya zamani, anajiweka namba 18 vilevile. Anayebandika wa tatu anachukua moja kati ya hizo, na jina moja limefutika. Aliyefutwa anakaa kimya, anajua tu kwamba alituma 50,000 na hayumo. Mwaka unaofuata hatoi. Dawa: mtu mmoja tu ndiye anayegusa orodha, na anaibandika mara moja kwa siku, saa mbili usiku, ikiwa na jumla chini. Wengine wanaandika "nimetuma" na namba nne za mwisho za muamala, basi.

Namba ya malipo, Lipa Namba, ndiyo huduma bora kuliko zote tulizozipima, alama 8, kwa sharti kwamba imefunguliwa kwa jina la shule na imeunganishwa na akaunti ya shule. Siku hizi mtu wa mtandao wowote wa simu analipa kwenye namba hiyo hiyo. Jambo lenye thamani kubwa hapa ni dogo sana: kabla hajaweka namba ya siri, mchangiaji anaonyeshwa jina la anayelipwa. Akiona jina la shule, anaendelea. Akiona jina la mtu binafsi, hata awe mhazini anayeheshimika kijiji kizima, anasita. Wengine wanaghairi hapo hapo, na kamati haitajua kamwe ni wangapi.

Kwa hiyo kutumia simu ya mhazini kunapata alama 2. Zaidi ya hilo jina, fedha za harambee zinachanganyika na za mboga zake, laini ina kikomo cha kiasi inachoweza kubeba, na akifiwa au akiibiwa simu wiki hiyo, kila kitu kinasimama. Anza mazungumzo na benki yenye akaunti ya shule wiki tatu kabla; watataka muhtasari wa kikao na watia saini. Ikipatikana, fanya jaribio: kila mjumbe wa kamati atume 1,000 kutoka mtandao wake, kisha angalia mambo matatu, jina linalotokea, makato, na muda ambao fedha inachukua kuonekana kwenye akaunti. Jaribio hilo la shilingi elfu chache linaokoa fedheha ya siku yenyewe.

Kinachoharibika siku yenyewe ni mtandao. Watu 400 uwanjani, mnara mmoja, MC anasema "wote tutoe simu sasa". Menyu inakwama katikati. Mtu haoni ujumbe, anarudia, anatuma mara mbili. Au haoni ujumbe, anaweka simu mfukoni akidhani imekwenda. Kwa hiyo usiwaambie watu wote watume kwa pamoja. Gawa kwa safu au kwa vitongoji, kitongoji kimoja kila baada ya dakika kumi, na namba ya malipo ibandikwe kwenye mabango manne kwa maandishi yanayosomeka kutoka hatua ishirini. Kila bango liwe na mwandishi mmoja mwenye daftari: jina la mchangiaji, si la mwenye laini. Hili la laini ni muhimu mno. Bibi anatoa 5,000, anatuma mjukuu. Kwenye taarifa ya benki linatokea jina la mjukuu, kwenye orodha inayosomwa bibi hayupo, na bibi alikuwa ametoa fedha ya mafuta ya taa.

Sasa ahadi. Hapa ndipo harambee nyingi zinapovuja. Kama zinavyofanyika mara nyingi, kwa kunyoosha mkono na MC kupaza sauti, ahadi tunazipa alama 3. Zikiwa na fomu, 7. Fomu ni nusu karatasi yenye kopi mbili: jina kamili, simu, kiasi au kitu, tarehe ya kutimiza, saini. Kopi moja abaki nayo mtoa ahadi. Tarehe ni lazima aiseme mwenyewe, usimwandikie. Mkulima akisema "baada ya kuuza mpunga", muulize mwezi gani, uandike mwezi huo. Ahadi yenye mwezi wa mtu mwenyewe inalipika. Ahadi ya "hivi karibuni" inakufa.

Aina moja ya ahadi inahitaji ujasiri. Mgeni rasmi anasimama: "Mimi na rafiki zangu tunachangia milioni tano." Makofi, vigelegele, ngoma. Lakini rafiki hao ni akina nani? Mwandishi wa meza kuu asogee kwa heshima, kabla mheshimiwa hajaondoka, na kusema: "Mheshimiwa, tunaomba tuandike kila rafiki kwa jina na kiasi chake ili tuwashukuru kwa barua." Mgeni aliye tayari atayataja majina kwa furaha, maana naye anataka yasomeke. Asiyekuwa na majina, andika jina lake peke yake, kiasi alichotoa mkononi kikiwa mstari mmoja na kilichobaki kikiwa mstari wa ahadi.

Na mgeni rasmi asitoe wa kwanza. Akitaja kiasi kikubwa mapema, wenye elfu mbili wanaona aibu na kurudisha mkono mfukoni. Akitaja kidogo, wenye laki wanajishusha walingane naye. Mpangilio unaofanya kazi ni wanafunzi na ngoma yao, kisha vitongoji, kisha vikundi vya akina mama na vya kuweka na kukopa, kisha wafanyabiashara, kisha taasisi na makanisa na misikiti, na mgeni rasmi mwisho, akipewa kazi ya kujaza pengo lililobaki: "Imebaki mifuko sita."

Mnada wa jogoo, keki au mbuzi unaleta uchangamfu, na kwa dakika 20 una faida. Ukipita hapo watu wanaanza kuondoka, na kundi linalobaki ni wale wale watatu wanaoshindana. Sheria ni moja: kitu hakitoki mezani kabla malipo hayajaonekana. Jogoo akiondoka kwa ahadi, hiyo ni hasara mara mbili. Mnunuzi akisema "narudisha, apigwe mnada tena", mwandishi aandike mauzo yote mawili, kila moja na mnunuzi wake.

Mchango wa vifaa unahitaji jicho la fundi. "Lori moja la mchanga" si kipimo. Kuna gari la tani tatu na nusu, kuna la tani saba, na kuna lililojazwa nusu. Andika ujazo kwa mita, na fundi awepo linaposhusha. Mchanga wenye udongo mwingi utajulikana ukiufikicha kiganjani: ukiacha tope mkononi, usipokelewe kwa kazi ya tofali. Saruji ni hatari nyingine. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu, au ikilazwa sakafuni masika, inaganda kwa ndani huku mfuko ukionekana mzima. Bonyeza pembe ya mfuko. Ikiwa ngumu kama jiwe, hiyo imekwisha. Kwa hiyo anayeahidi mifuko 10 aombwe aikabidhi kwa awamu, au aache fedha yake duka la vifaa na kamati ichukue kwa hati kadiri fundi anavyohitaji. Ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Madawati nayo yana kasoro inayojirudia. Wafadhili huleta yote ya kimo kimoja, na mtoto wa darasa la kwanza anakaa miguu ikining'inia hadi saa sita mchana. Toa vipimo viwili kabla ya harambee, cha darasa la awali hadi la pili na cha darasa la tatu kuendelea, na umwonyeshe fundi sampuli moja ya kila kimo. Angalia maungio ya chuma: kama bomba ni jembamba, dawati linakatika pembeni mwa uchomeleaji ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu watoto watatu hawakai tu, wanasukumana.

Chakula kiwe kidogo. Pilau ya watu 200 inahitaji mchele kilo 25 na nyama kama hizo hizo. Hesabu hiyo unaweza kuigeuza mifuko ya saruji mwenyewe. Chai, mihogo na karanga vinatosha kabisa. Gharama za turubai, viti, spika na jenereta zitafutiwe mfadhili wake mapema na zisomwe hadharani, zisikatwe kimya kimya kwenye kapu.

Kuhesabu ndiko kunakotenganisha harambee ya kuaminika na ile ya maneno. Watu watatu wahesabu: mhazini, mjumbe wa serikali ya kijiji, na mzazi mmoja aliyechaguliwa na mkutano pale pale. Noti zipangwe kwa thamani, jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, watatu wasaini, na stakabadhi zitolewe. Kisha MC asome mistari minne, si mmoja: taslimu iliyohesabiwa, iliyoingia kwenye namba ya malipo, vifaa vilivyofika, na ahadi. Kutangaza "tumepata milioni 14" wakati 9 ni ahadi ndiko kunakozaa maneno ya "fedha zetu zimeliwa" miezi miwili baadaye, hata pale ambapo hakuna aliyekula.

Fedha zisilale kwa mtu. Wakala wa benki anaweza kuziweka akaunti ya shule jioni hiyo hiyo, lakini wakala wa kijijini huenda hana salio la kupokea milioni kadhaa kwa mara moja. Zungumza naye Ijumaa, mtajie makadirio, ajiandae, au mpange mawakala wawili.

Jumatatu, karatasi yenye mistari ile minne ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na ofisi ya kijiji, na ibadilishwe kila mwisho wa mwezi kadiri ahadi zinavyoingia na matumizi yanavyotoka. Ufuatiliaji wa ahadi afanye mwenyekiti wa kamati au mhazini, kamwe si mwalimu mkuu, ambaye mzazi anaweza kuhisi kwamba mtoto wake yuko mikononi mwake. Siku 14 zinatosha kwa ujumbe wa kwanza, kwa waliosema watalipa ndani ya mwezi. Ujumbe unaolipwa ni ule unaotaja ukuta:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mhazini wa kamati ya shule. Siku ya harambee ulituahidi mifuko 5 ya saruji kufikia tarehe 30. Mafundi wamefika usawa wa madirisha na wamebakiwa na tofali 40. Mifuko yako ni tofali 150, zinatufikisha lenta upande wa ubaoni. Namba ya malipo ni ile ile iliyo kwenye kopi yako, na itatokea jina la shule. Asante sana, mzee wetu."